Mjadala juu ya Mwongozo wa Utafutaji katika Debian

Mwaka 1996, mradi wa programu huria wa Debian, ambao Ian Murdock aliuasisi miaka mitatu kabla yake, ulipotoa toleo lake la 1.1, vifurushi vya programu vilivyokuwamo vilikuwa 474 tu, idadi ambayo mtu mwenye subira aliweza kuisoma yote kwa majina akajua kilichomo na kisichomo. Lakini toleo la 12 lilipotoka mwezi wa Juni 2023 vifurushi vilikuwa vimefika 64,419, na sasa hakuna binadamu awezaye kudai kwamba anaijua hazina hiyo kwa moyo, hata awe miongoni mwa walioijenga. Kutafuta, ambako zamani kulikuwa jambo la hiari, kumekuwa sharti la kwanza la kutumia.

Mwezi wa Machi 2020 chombo cha kusimamia vifurushi kiitwacho APT, ambacho kimefuatana na Debian tangu toleo la 2.1 la mwaka 1999, kilifikia toleo lake la 2.0, na ndani yake mlikuwa na jambo jipya: amri zilizozoea kupokea majina ya vifurushi sasa zilipokea pia ruwaza, yaani maneno mafupi yanayotaja sifa ya kifurushi badala ya kukitaja chenyewe kwa jina. Aandikaye apt list '?obsolete' huletewa vifurushi vyote vilivyomo katika mashine yake ambavyo havipatikani tena katika hazina yoyote aliyoielekeza. Aandikaye apt list '?config-files' huletewa vile vilivyokwisha kuondolewa vikaacha nyuma mafaili yao ya mipangilio. Lugha hii haikubuniwa siku hiyo, kwani ilikuwa imetumika miaka mingi katika chombo jirani kiitwacho aptitude, na APT iliazima sehemu yake tu. Pamoja nayo ulikuja ukurasa wa mwongozo uitwao apt-patterns.

Juu ya kurasa za namna hiyo, nani aziandike, lini, na kwa ajili ya nani, kuna ikhtilafu ya kweli baina ya watu wanaoipenda kazi hii kwa dhati, na kila upande una hujja zisizopuuzwa. Nimeona bora nizitie hoja hizo katika vinywa vya wasemaji wanne ambao sikuwapa majina, kwa kuwa kila mmoja anasemea wengi: Msanifu, aandikaye programu, Mwandishi, aandikaye miongozo, Msimamizi, mama aliyezilea seva kwa miaka mingi, na Mgeni, kijana aliyeanza juzi. Mada iliyowekwa mbele yao ni hii: kipengele kipya cha utafutaji kisitolewe kwa watu mpaka maelezo yake yawe yametimia.

MWANDISHI: Nawaombeni kwanza mtofautishe aina mbili za vipengele. Kuna kipengele kinachojionyesha chenyewe, kama kitufe kipya kilichowekwa juu ya kioo, ambacho mtumiaji hata asiposoma neno lolote atakiona, atakibonyeza na atajua kazi yake. Na kuna kipengele kisichokuwa na sura, ambacho kipo kwa anayekijua tu. Ruwaza za utafutaji ni za aina hii ya pili. Mtu akifungua terminali hukuta mahali patupu panapomngoja aandike, wala pale hapana dalili yoyote kwamba neno '?obsolete' linakubaliwa na kwamba neno jingine lenye maana iyo hiyo halikubaliwi. Maadamu ni hivyo, ruwaza isiyoelezwa haijatolewa, ijapokuwa imo ndani ya msimbo na imo ndani ya mashine ya kila mtu. Sheria zetu wenyewe zimekwisha kuliona jambo hili nusu yake: Sera ya Debian inataka kila programu ifuatane na ukurasa wa mwongozo, na ukikosekana huhesabiwa kuwa kasoro inayostahili kuripotiwa. Lakini sera imetaja programu, haikutaja kipengele; kwa hiyo amri ya apt, iliyotolewa mwaka 2014 ikiwa na ukurasa wake, ingeweza mwaka 2020 kuongezewa lugha nzima ya utafutaji bila ya mstari mmoja wa maelezo, na aliyeisoma sera neno kwa neno asione pa kulalamikia. Haikuwa hivyo, kwa ihsani ya walioifanya kazi ile. Mimi nataka tusitegemee ihsani.

MSANIFU: Bwana Mwandishi, sina ugomvi nawe juu ya haja ya maelezo, ugomvi wangu ni juu ya neno "mpaka", nalo ndilo litakaloiua kazi. Sehemu kubwa ya Debian hujengwa na watu wa kujitolea, na aliyejaaliwa kipaji cha kutunga kanuni za kuchambua ruwaza si lazima awe na kipaji cha kuzieleza. Ukimwambia kwamba kazi yake haitapokewa mpaka ukurasa utimie, ama ataandika ukurasa mbovu ili apite, ama ataiacha kazi yote, na kwa vyovyote vile mtumiaji ndiye apataye hasara. Fauka ya hayo, maelezo yaandikwayo kabla kipengele hakijatumiwa huieleza nia ya mtunzi, hayaelezi mwenendo wa chombo, na baina ya mawili hayo pana masafa ambayo hujulikana baada ya watu kutumia. Ndiyo maana ukurasa wa amri ya apt humtahadharisha msomaji kwamba tabia ya amri hiyo yaweza kubadilika kutoka toleo moja hadi jingine, na kwamba anayeandika skripti za kujiendesha zenyewe atumie apt-get na apt-cache. Jambo lililokwisha kukiri kwamba laweza kubadilika, utaliandikia vipi maelezo yaliyotimia?

Watafsiri nao wana haki yao. Kurasa za APT hutafsiriwa kwa Kijerumani, Kifaransa, Kijapani na lugha nyingine kwa njia ya chombo kiitwacho po4a, ambacho huukata ukurasa aya kwa aya. Aya ya asili ikibadilishwa neno moja tu, tafsiri yake hutiwa shaka, na mahali pale msomaji hurudishiwa Kiingereza mpaka mtafsiri aipitie upya. Mkiandika mapema, mkawa mnaandika tena na tena kila chombo kinapogeuzwa, mtawachosha watu ambao kazi yao hakuna aishukuruye.

Naingilia hapa kwa kuwa hoja hii ya mwisho ina uzito mkubwa kuliko alioukusudia msemaji wake. Kiswahili hakimo katika lugha za kurasa zile, na kwa sababu hiyo msomaji wetu wa Mombasa au wa Mwanza aliyesoma Kiingereza cha shule huupitia ukurasa kwa kuruka sentensi na kutua juu ya mifano, kwani amri iliyoandikwa kamili na matokeo yake haihitaji mtafsiri. Mimi naona ya kwamba mwandishi wa miongozo anayejali wasomaji wa lugha zisizokuwa na watafsiri ataanza na mifano, kisha ndipo alete kanuni. Kurasa nyingi hufanya kinyume: kanuni hutandazwa kutoka juu hadi chini, na mifano, ikiwapo, huwekwa mwisho kabisa, miwili au mitatu.

MGENI: Shikamooni wazee wangu. Mimi sijui habari za sera, lakini nataka kueleza jambo lililonitatiza, maana halikuwa na dalili ya kosa. Nilifundishwa kwamba nyota mwishoni mwa neno husimama badala ya herufi zozote zitakazofuata. Nikaandika apt list 'python*' nikaletewa vifurushi vyote ambavyo majina yao yanaanza na python, nami nikaridhika. Halafu nikaandika apt search 'python*', nikidhani kwamba neno ni lile lile na nyota ni ile ile, nikaletewa orodha kubwa zaidi, yenye vifurushi ambavyo sikuelewa vimeingiaje. Baadaye niliambiwa kwamba amri ya pili husoma kwa lugha ya alama iitwayo rejeksi, ambamo nyota humaanisha kwamba herufi iliyoitangulia yaweza kurudiwa mara yoyote au isiwepo kabisa. Tena hutafuta ndani ya majina na ndani ya maelezo ya kifurushi pia. Basi mimi nilikuwa nimeomba kila penye "pytho", iwe na n au isiwe nayo, popote itakapotokea. Chombo hakikukosea, wala hakikunigombeza. Kilinipa jibu sahihi la swali ambalo sikuliuliza. Mtu atajuaje kwamba amekosea kutafuta, ikiwa matokeo yamekuja?

MSIMAMIZI: Marahaba, mwanangu. Umelisema jambo lenyewe, nami nitalipeleka mbele kidogo, kwa maana wewe ulikuwa unasoma orodha, na orodha haiumizi. Zamani, kabla ya 2.0, mtu aliyeamuru kusakinisha kifurushi kiitwacho g++, nacho kwa bahati mbaya kisiwemo katika hazina alizozielekeza, hakujibiwa kwamba hakipo. APT ilipokosa jina, ililichukua neno lile kuwa ni rejeksi, na katika rejeksi alama ya kujumlisha maana yake ni "mara moja au zaidi". Hivyo g++ ikawa ni kila kifurushi ambacho jina lake lina herufi g ndani yake. Hesabuni wenyewe ni vingapi. Alama ya kujumlisha na nukta zinaruhusiwa katika majina ya vifurushi vya Debian, nazo ni alama zenye nguvu katika rejeksi; kwa hiyo halikuwa jambo la nadra kwamba jina la halali ligeuke swali.

Sasa zingatieni kwamba orodhesha, sakinisha na ondoa ni amri zinazopokea lugha moja. Ruwaza iliyoandikwa baada ya apt list huorodhesha. Ruwaza hiyo hiyo, bila kubadilishwa herufi, ikiandikwa baada ya apt remove huondoa. '?garbage' baada ya list hukuonyesha vifurushi vilivyoletwa na chombo chenyewe kwa ajili ya vingine na ambavyo havihitajiki tena. Baada ya remove huvifuta. Na '?name(apt)' haimaanishi kifurushi kiitwacho apt, bali kila ambacho jina lake lina herufi hizo popote, na mwenye kutaka kile kimoja sharti aandike '?exact-name(apt)'. Anayezijua tofauti hizi ana chombo kizuri mkononi. Asiyezijua atauliza swali pana kwa amri ya kufuta, na ijapokuwa apt humuuliza kabla ya kutenda, skripti yenye -y imekwisha kujibu ndiyo kwa niaba yake saa tisa za usiku. Mnabishana kama maelezo ni adabu kwa mgeni. Mimi nasema ni usalama wa mashine.

Naona ya kwamba hapa ndipo mada ilipopata uzito wake, na kwamba Bibi Msimamizi amesema jambo ambalo Mwandishi na Msanifu walilizunguka bila kulifikia. Utafutaji katika mfumo wa vifurushi haufanani na utafutaji katika maktaba, ambako aliyeuliza vibaya huletewa kitabu asichokitaka na kukirudisha. Huku swali lenyewe ni mkono unaotenda. Kwa hiyo mwongozo unaoeleza ruwaza inalingana na nini, ukanyamaza juu ya mahali gani ruwaza hiyo huwa hatari, umeeleza nusu isiyodhuru.

MSANIFU: Bibi, nakubali habari ya g++, na nakuomba ukubali nawe kwamba ruwaza ndizo zilizoiponya. Tangu 2.0 amri ya apt imeacha kulichukua jina la kawaida kuwa rejeksi. Anayetaka rejeksi aombe waziwazi. Wala alama za ruwaza hazikuchaguliwa ovyo: alama ya kuuliza na kiwimbi haviruhusiwi katika jina la kifurushi, kwa hiyo neno lianzalo na mojawapo haliwezi kuchanganyikana na jina. Hiyo ni kazi ya usanifu, haikuwa kazi ya mwongozo. Chombo kikisanifiwa vema, hatari hupungua bila ya mtu kusoma chochote.

MSIMAMIZI: Hupungua kwa apt, lakini apt-get, ambayo wewe mwenyewe umetuambia ndiyo ya kutumiwa katika skripti, iliachwa na tabia yake ya zamani ili skripti za watu zisivunjike. Basi kuna amri mbili, pacha kwa majina, ambazo neno moja huzielekeza kwenye maana mbili. Usanifu hauwezi kuniambia hilo. Maandishi peke yake ndiyo yawezayo.

MWANDISHI: Na hapo yuko msomaji ambaye aghalabu husahauliwa, naye ni mzoefu. Kila mara tunaposema juu ya maelezo, fikra hukimbilia kwa Mgeni, ilhali Mgeni hana la kusahau. Mzoefu aliyetumia rejeksi katika apt miaka sita huamka siku moja akaona amri yake imekataliwa. Mwenye kuhama kutoka aptitude hudhani kwamba ruwaza zake zote zitapokewa, na sivyo, kwa kuwa APT imechukua baadhi tu na ina ukali zaidi katika namna ya kuandika. Nasifu kwamba ukurasa wa apt-patterns una sehemu mahsusi kwa watu wa aptitude. Sehemu kama hiyo huandikwa na mtu aliyejiuliza msomaji wake anatoka wapi. Kipengele kipya sharti kielezwe pamoja na mazoea kinayoyaondoa.

MGENI: Nami nina swali dogo. Ukurasa huo ningeujuaje? Nikitaka msaada wa apt huandika man apt, nami huletewa ukurasa wa amri, ulio katika sehemu ya 8 ya miongozo. Huo wa ruwaza umewekwa katika sehemu ya 7, kwa jina ambalo nisingelibuni.

MWANDISHI: Hilo si dogo hata kidogo. Kuna amri iitwayo apropos, ambayo hutafuta miongozo yenyewe, lakini haisomi ukurasa mzima. Hutazama jina la ukurasa na ule mstari mmoja wa maelezo mafupi ulio karibu nalo, basi. Mstari ule ni maneno machache tu, na kila mwandishi huuandika kwa haraka, akiwa amechoka na mwisho wa kazi, ilhali ndio utakaoamua kama ukurasa utaonekana. Unapaswa kuwa na maneno ambayo mtafutaji anayo kabla hajasoma, siyo maneno atakayojifunza baada ya kusoma. Mtu anayetaka kujua vifurushi gani vimepitwa na wakati hafikirii habari ya ruwaza. Anafikiria kutafuta, kuorodhesha, kuchuja.

MSIMAMIZI: Na ongezeni habari ya alama za kunukuu, maana bila hizo mifano yote ni ya kubahatisha. Kabla ruwaza haijaifikia APT hupita kwa mkalimani wa amri, naye ana maana zake mwenyewe: alama ya kuuliza kwake ni herufi yoyote moja katika jina la faili, kiwimbi ni nyumba ya mtumiaji, na mabano ni mwanzo wa jambo jingine kabisa. Andika ?garbage bila kunukuu katika mkalimani aitwaye bash, na kwa kuwa aghalabu hapana faili la kulingana nalo, neno litapita salama, nawe utadhani umeandika sawasawa. Liandike hivyo hivyo katika mwenzake aitwaye zsh, utakataliwa. Mfano ulio katika mwongozo bila ya alama moja moja za kunukuu ni mfano unaofanya kazi kwa mwandishi wake.

MGENI: Na hizi fupi? Katika maelezo ya toleo la 12 msomaji anaelekezwa kuandika apt list '~o' ili aone vifurushi vilivyopitwa na wakati, na apt purge '~c' ili avifute vilivyobakisha mipangilio. Mimi nikiona '~o' sijui kitu. Nikiona '?obsolete' najua walau kuna neno la kutafuta katika kamusi.

MSIMAMIZI: Mimi huandika '~o' mara nyingi kwa siku, mwanangu, usininyang'anye.

MSANIFU: Ziandikwe zote mbili, bega kwa bega, ndefu ikitangulia. Katika hili niko pamoja na kijana: aliyeandika maelezo ya toleo alikuwa anawaandikia watu walio katikati ya kuhamisha mfumo mzima, nao ndio wanaostahili kuelewa kila herufi wanayoiandika.

Juu ya ndefu na fupi mimi nakwenda mbali kuliko Msanifu. Ufupisho wa herufi moja ni mali ya mwenye kuutumia kila siku, na mahali pake ni katika jedwali la ukurasa wa rejea. Penye amri ya kufuta, kama ile ya purge, ruwaza iandikwe kwa urefu wake wote, na itanguliwe na mstari wa apt list wenye ruwaza hiyo hiyo, ili msomaji avione kwa macho yake vitakavyoondoka. Mistari miwili badala ya mmoja si gharama.

MWANDISHI: Narudi kwenye neno lako "mpaka", Bwana Msanifu. Niambie ni kiasi gani utakachokikubali, ikiwa kutimia hukukubali.

MSANIFU: Nitakubali hiki: kipengele kisiingie bila mifano mitatu iliyoandikwa na aliyekitunga, mmoja wa kutafuta, mmoja wa kutafuta ambako matokeo yatamshangaza mtu, na mmoja wa kufuta uliotanguliwa na orodha kama mlivyotaka. Mtunzi asiyeweza kutoa mifano mitatu hajui bado ametunga nini, na hiyo si kazi ya kipaji cha uandishi. Nathari, mpangilio, sehemu ya wazoefu, mstari ule wa apropos, hayo yaje kwa mkono wako na yaweze kuchelewa. Lakini nami nina sharti. Ndani ya msimbo wa APT mna majaribio yanayoendeshwa kabla ya kutoa toleo, ambayo hujenga hazina ndogo ya bandia na kuamuru chombo kitende juu yake. Mifano ya mwongozo iingizwe humo, kila mmoja kama ulivyo ukurasani, pamoja na alama zake za kunukuu. Siku chombo kitakapobadilika, jaribio litashindwa kabla ukurasa haujasema uongo.

MWANDISHI: Na mtafsiri?

MSANIFU: Amri hazitafsiriwi. Zitabaki zilivyo katika lugha zote, na aya iliyo juu yake ikiwa fupi, atakuwa na machache ya kupitia.

MSIMAMIZI: Mfano wa pili, ule wa kushangaza, anzeni na nyota ya kijana huyu.